Mama Eseza na Chai ya Santina

Tarehe 30 Juni 2017, Mama Eseza Nabirye anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha viungo bandia hapa Juba kwa miaka kumi na miwili. Alikuja kutoka Jinja kama mtaalamu wa tiba ya viungo, akasema atakaa mwaka mmoja tu. Tukapata uhuru, vita vikarudi, Waganda wenzake wengi wakafunga virago. Yeye akabaki, na Kiarabu chake cha Juba kikabaki kibovu vilevile. Wagonjwa walikicheka, naye akawaacha wacheke, maana kwake kicheko kilikuwa nusu ya matibabu.

Sisi wengine tuliamini kwamba mtu akishatembea, amepona. Aliyetuonyesha kosa letu ni Santina, mshonaji wa mtaa wa Hai Jalaba, aliyekatwa mguu baada ya kupigwa risasi Desemba 2013. Alijifunza kutembea vizuri, tukampigia makofi, tukamruhusu kwenda nyumbani. Miezi michache baadaye dada yake akatuletea habari kwamba mguu wa bandia umefungwa kwenye kitenge chini ya kitanda, na mwenyewe hataki kula, wala haoni sababu ya kuishi.

Mama Eseza alikwenda kumwona, nami nikamsindikiza. Tulikuta nyumba yenye upendo mwingi mno: dada anapika, binamu anateka maji, Santina ameketishwa pembeni kama mgeni. Chai ikaletwa haraka. Mama Eseza akaisukuma kando, jambo ambalo hapa Juba ni kumvunjia mwenyeji heshima.

"Mimi nataka chai ya Santina," alisema. "Mimi iko hapa, nangoja."

Dada alikasirika waziwazi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Santina aliomba aletewe mguu wake, akauvaa, akaenda kupika chai mwenyewe. Nusu ya chai ilimwagika na sukari ilizidi, lakini Mama Eseza aliinywa yote huku machozi yakimtoka.

Tangu siku hiyo, tukimtembelea mgonjwa tunakunywa chai aliyotuandalia mwenyewe, hata kama alichoweza ni kumimina tu. Santina anashona tena, na anagombana na wateja kama zamani. Wiki iliyopita alituambia, "Mguu mlinipa nyinyi. Nyumba yangu alinirudishia Mama Eseza."

Asante, Mama, kwa moyo wote. Tumesikia wanao kule Jinja wameapa kwamba watakufanyia kila kitu, hutagusa hata kikombe. Tunakutakia uzee mtamu wenye afya, na tunakusihi uwakatalie.