Libérate Nabintu na Milima ya Arkadia

Libérate Nabintu alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu wa Mzee Dominiki na Mama Clementina. Nyumba yao ilikuwa mlimani na kisima kilikuwa bondeni, na kazi ya kuteka maji ilikuwa yake.

Shule ya msingi aliisoma huko huko. Mwaka 1982 alipelekwa kwa masista Bukavu, akachukua Kilatini na Kigiriki. Ndipo alipoiona ramani ya Arkadia, eneo la Ugiriki ya kale lililozungushiwa milima, ambako maji ya baadhi ya mabonde hayana njia ya kutoka, yanazama kwenye mashimo ya miamba. Kitabu kiliwaita watu wa huko wafungwa wa milima yao. Libérate alisimama akamwambia sista kwamba aliyeandika hivyo hajawahi kuishi mlimani. Alifagia darasa wiki nzima kwa adhabu, lakini msamaha hakuomba.

Alifundisha Kilatini Bukavu tangu 1990 mpaka vita vilipomtoa. Aliingia Durban Oktoba 2001, akaanza kusuka nywele katika saluni moja ya mtaa wa Point. Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2003, alifunga ndoa na Apollinaire, fundi wa simu. Walijaliwa Gracieuse na Ruphin.

Akiwa na miaka arobaini alijiandikisha chuo kikuu, akawa anapanda taxi kwenda chuoni Glenwood asubuhi na kurudi saluni mchana. Alipofika shahada ya pili, mwaka 2014, walimu walimshauri aandike juu ya wakimbizi, maana mwenyewe alikuwa mmoja wao. Aliwajibu kwamba ukimbizi anauishi kila siku na hana haja ya kuufanyia utafiti. Yeye anataka Arkadia. Walimwita mara tatu, na mara zote tatu alitoka na Arkadia yake.

Aliwaza huku akisuka. Wapo akina mama hapa leo waliotoka mikononi mwake na bonde la Tegea, la huko Arkadia, kichwani, njia za nywele zikifuata mikondo ya maji, bila wao kujua.

Alinyimwa viza ya Ugiriki mara mbili. Siku ya kutetea tasnifu yake, Novemba 2017, mtahini alimuuliza anawezaje kubishana na wataalamu waliokanyaga milima ile, yeye hajaiona. Alijibu kwamba wataalamu waliikanyaga wakarudi kwao. Yeye anaandika juu ya waliobaki, waliogombania maji na majirani lakini hawakuhama, kwa sababu mlima ndio uliowalinda. Alifaulu.

Aliomba viza mara ya tatu, akapewa. Juni 2018, akiwa na goti bovu, alikataa gari la mwenyeji wake akapanda mlima Likeo, huko Arkadia, kwa miguu. Alipofika kileleni alimpigia mumewe. “Baba Gracieuse,” alisema, “ile niliandika, njo hii iko hapa mbele yangu.” Kisha akalia, na Mzee Apollinaire anasema hiyo ndiyo mara pekee aliyomsikia akilia.

Februari 2023 aligundulika na saratani ya ini. Madaktari walimpa miezi sita. Aliishi miaka miwili na zaidi, akifundisha Kigiriki kila Jumamosi sebuleni kwake, South Beach, na mwanafunzi aliyekuja na huruma badala ya daftari alirudishwa mlangoni.

Ndugu wa Walungu waliomba mwili urudishwe. Aliwajibu mwenyewe kwa simu, sauti imekwisha: “Munizike hapa. Sikufukuzwa mpaka hapa. Hapa nilipachagua.”

Alifariki Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, akiwa na miaka hamsini na sita. Ameacha mume, Mzee Apollinaire. Watoto wawili, Gracieuse na Ruphin. Mjukuu mmoja, Deborah. Dada yake, Marie-Louise. Na wanafunzi kumi na mmoja, ambao Jumamosi hii wana somo kama kawaida.

Mama Libérate, pumzika kwa amani katika udongo uliouchagua.