Asiyekohoa Amekubali

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kati ya meza ya fundi viatu na kibaraza cha fundi cherehani. Pale palipokuwa na kitasa pamebaki kimsumari ambacho hakuna anayetaka king'olewe, maana mgeni akikaa vibaya suruali inachanika, na cherehani iko hatua mbili tu. Wenye benchi ni wanne, na kila asubuhi kabla kazi hazijachanganya wanakunywa kahawa na kuiendesha dunia. Wana sheria moja. Mwenyekiti akitoa hoja anagonga benchi kwa kikombe, na anayepinga akohoe. Asiyekohoa amekubali. Kwa sheria hiyo wameshalihamisha benchi kutoka juani, wamepiga marufuku habari za mashemeji, na wamebatizana majina. Wiki ile fundi cherehani alipopata mafua, hakuna hoja hata moja iliyopita.

Fundi cherehani huyo ndiye Sentimita, kwa kuwa hakuna asichokipima. Kinyozi ni Redio, kwa kuwa hazimwi. Mwenyekiti alikuwa karani wa stoo, akastaafu yeye, kalamu ya sikioni haikustaafu. Na fundi viatu wanamwita Baba Profesa, jina alilokuwa akilipenda mpaka asubuhi hiyo, ambapo kila likitajwa lilimkwaruza moyoni.

Binti yake alikuwa hajawa profesa, wala hakuwa karibu. Alikuwa akifundisha semina za falsafa ya siasa chuo kikuu, kwa mkataba wa mwaka mwaka, na kila mwaka ukiisha nyumba nzima inashikilia roho. Sasa chuo kilikuwa kimemwambia aje awe mhadhiri msaidizi na aanze shahada yake ya udaktari. Mshahara mdogo, miaka mingi, na mwisho wake hakuna anayeuapia. Papo hapo kampuni moja ya bima ikamwambia ana akili, aje, meza ipo na mshahara wa maana upo. Pande zote mbili zilitaka jibu siku ya asubuhi hiyo.

Jumapili alikuja akakaa kwenye kigoda cha wateja, akamwambia baba yake, "Baba, wewe unaonaje? Utakalosema nitalifuata." Mama yake alikuwa ameshasema lake, kwamba mtoto ni mkubwa, aachwe. Baba naye akakipiga brashi kiatu cha watu mpaka kikang'aa kuliko kilivyotoka dukani, asitoe neno. Kilichomfunga mdomo ni lile neno "nitalifuata". Alimjua binti yake. Akisema bima, ataenda bima. Akisema chuo, akaja kuteseka huko, mateso yatakuwa yametoka kinywani mwa baba. Basi binti akasema atapita tena asubuhi hii, akiwa njiani kwenda kutoa jibu.

Benchi lilikuwa na habari zote hizo, kwa sababu Redio alikuwa nazo.

— Kwanza tuulizane, alianza Sentimita. Hiyo falsafa ya siasa ni kitu gani? Baba Profesa, hebu tupimie.

Fundi Viatu alikuwa na sandali ya mwanamke mkononi, kisigino kimeng'oka. Mwenye sandali alikuwa mgeni mtaani, amekaa kwenye kigoda mguu mmoja mtupu juu ya kipande cha katoni, hana pa kwenda. Fundi alitia gundi, akasema ni mambo ya utawala, mambo ya nani ana haki ya kumwamuru nani. Alipofika hapo akarudi kwenye gundi, kama anavyofanya kila mara akiulizwa.

— Basi ni polisi, alisema Redio.

— Polisi gani anasoma vitabu vinene vile? Ni uwakili, alisema Sentimita. Uwakili usio na mahakama. Unashinda kesi halafu hakuna anayefungwa.

Redio akatikisa kichwa kwa huruma, akasema wao hawajui kitu. Watu wa falsafa ya siasa, kwa alivyosikia kwa mteja aliyekuwa akimnyoa ndevu, ndio wanaowanong'oneza marais. Rais hana wazo lake. Nyuma ya pazia yuko mtu mwembamba, hajala tangu jana, ana shahada tatu, ananong'ona.

— Na wakifa? aliuliza Sentimita.

— Ndio wanasomwa sasa. Si binti kila siku anamtaja marehemu huyu kasema hivi, marehemu yule kakataa? Kule chuoni ukiwa hai hawakusikilizi.

Mwenyekiti alikuwa akingoja zamu yake, na zamu yake huwa ya mwisho ili iwe nzito. Alieleza polepole kwamba huo wote ni mtego. Serikali zote za dunia, alisema, zilikaa zikajiuliza zifanye nini na watoto wenye akili kali. Zikawajengea vyumba, zikawajazia vitabu, zikawaambia wawaze kuhusu serikali. Mtu akiwaza sana haandamani, hana nafasi. Akija kumaliza kuwaza ana mvi, anapewa keki na kuagwa. Hata Redio aliitikia kwa kichwa kwa jinsi neno hilo lilivyokaa vizuri.

— Kwa hiyo, alisema Mwenyekiti, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa bima iko ghorofa ya tano na lifti wanayo. Ainame ya nini? Tena haraka haraka haina baraka, ndiyo maana nasema aende leo leo kabla meza haijapata mtu. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mfano huu hapa.

Akamnyooshea kidole yule mama wa sandali. Mama akautazama mguu wake, akautazama na wa Mwenyekiti.

— Hoja: binti wa Baba Profesa aende bima. Anayepinga akohoe.

Kikombe kiligonga. Sentimita alitazama nyuzi zake. Redio alimeza kahawa kwa uangalifu, isije ikampalia. Fundi Viatu alitamani kukohoa, kisha akaiona ile miaka mingi isiyo na mwisho, akamwona mwanawe ana umri wa kwake bado anashikilia roho kila mkataba unapokwisha. Akaikandamiza sandali kwa vidole gumba viwili, asikohoe.

— Imepita, alisema Mwenyekiti. Binti tutamwambia kwamba baba yake kakubali.

Ndipo yule mama mgeni aliposogeza kigoda. Alisema samahani, yeye hakuja kuingilia, amekuja na kisigino tu, ila kuna kitu amekosa kukielewa.

— Huyu mzee nani alimchagua kuwa mwenyekiti?

Redio alicheka. Alisema yeye alipofungua kibanda cha kunyolea pale alimkuta mzee ni mwenyekiti tayari. Sentimita akasema hata yeye alimkuta.

— Si ndiye mwenye chupa ya kahawa, alijaribu Sentimita.

— Chupa ni yangu, alisema Redio.

Wote wakamgeukia Fundi Viatu, mkongwe kuliko wote pale kwenye kona. Fundi alikumbuka vizuri. Siku moja mzee alikuja na kiatu, akakaa, akagonga benchi, na waliokuwapo, yeye akiwamo, hawakusema kitu. Akataka kulieleza hilo, akaona likitoka mdomoni litamdhalilisha mzee wao wanayempenda, na zaidi ya hapo litamdhalilisha yeye mwenyewe. Alijikuta anamhurumia Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameishusha kalamu kutoka sikioni na kuitazama kana kwamba jina la aliyemchagua limeandikwa humo. Akarudi kuibana sandali.

Binti alitokea wakati huo huo, bahasha kwapani, amevaa sketi yake ya kwenda kwa wakubwa.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba mwanangu, alisema Mwenyekiti, akafurahi kupata pa kutokea. Benchi limekaa, limeamua. Baba yako kakubali uende bima.

Binti alimtazama baba yake. Aliihamisha bahasha kwapa la pili, akalazimisha tabasamu ambalo baba alilijua tangu utotoni, lile la kupokea nguo ya dada yake iliyopunguzwa.

— Sawa, baba. Kama umekubali wewe, basi sawa.

Fundi Viatu aliiweka sandali chini.

— Sikukubali. Nilinyamaza.

Benchi zima lilimgeukia. Yeye alimwelekea binti yake.

— Siku ile uliyosahau funguo nilikuletea kule chuoni. Hukuniona, nilisimama mlangoni. Uliwauliza watoto wa watu swali, darasa zima kimya. Nikasema sasa mwanangu ataaibika. Wewe wala. Ulikunja mikono ukawangoja, hukumsemea hata mmoja, mpaka kasichana kamoja ka nyuma kakasema. Funguo nikamwachia mlinzi. Nimerudi huku nalia barabarani, mtu mzima na mvi zangu.

— Baba, hukuniambia.

— Ningekuambia nini? Kazi yako siielewi mpaka leo. Hawa wakiniuliza natia gundi. Na naogopa, mwanangu, naogopa utahangaika na sitakuwa na cha kukusaidia. Lakini nilikuona. Nenda ukaifanye.

Binti aliushika mkono wa baba yake, na gundi yake yote. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya bahasha, akawaaga wazee, akashika barabara ya chuo.