Fleti ya Gracieuse na Carine

Jumapili ile ya mwisho ya Mei 1997, kila benchi la Wakongo mjini Brussels lilikuwa na habari moja tu: Kinshasa imepata rais mpya na nchi imepata jina jingine. Ila benchi la uwanja wa Flagey, lile linalotazama soko, lilikuwa na shughuli zake. Hapo ndipo maman Berthe huketi baada ya misa na themosi zake mbili za kahawa, na wazee wake watatu hawakosi. Kuna Nday, aitwaye Direction, kwa sababu kule Likasi alikuwa dereva wa mkurugenzi wa mgodi, na mpaka leo anaongea kama mkurugenzi mwenyewe. Kuna Hamissi, Mtanzania wa Kigoma, aitwaye Bunge. Msikilize dakika mbili utajua kwa nini. Na kuna papa Kazadi, aitwaye Notaire, yaani mwanasheria wa hati, kwa kuwa huwaandikia watu barua za manispaa. Makaratasi ya wengine hayajawahi kumshinda. Asubuhi hiyo alikuwa ameshindwa na jambo la nyumbani kwake.

Jambo lenyewe ni hili. Gracieuse, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa ananunua fleti pamoja na Carine. Walikuwa wameishi pamoja miaka sita, na si kama marafiki wa kuchangia kodi. Kazadi alilijua hilo siku nyingi, akaamua kutolitamka. Sasa walikuwa wanasaini Alhamisi, na Gracieuse alikuwa amemwomba baba yake mdogo aje akae nao mezani kwa notaire wa kweli. Wiki mbili zilikuwa zimepita na mzee hajasema ndiyo wala hapana.

— Banamuke babili, nyumba moja, alisema Direction, akipuliza kahawa yake. Bon. Bataandika jina ya nani?

— Ya bote babili, alisema Kazadi.

— Alors, État, ile serikali yao, itaigawanya. Niliona ile mambo ku direction. Kama hakuna ndoa, géomètre, ule mupimaji wa viwanja, anakuya na chaki, anapiga mustari katikati. Huyu anapata jikoni, huyu anapata douche.

— Na mwenye jikoni ataoga wapi? aliuliza maman Berthe.

— Atapanga kwa mwenzake.

Hamissi alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyesoma zaidi.

— Ndugu zangu, tuwe serious. Benki ya hapa haiwezi kuwakopesha wawili bila cheti cha ndoa. Itabidi waseme ni mapacha.

— Mapacha! Carine anamupita Gracieuse kichwa muzima na miaka saba! alisema Direction.

— Watasema walizaliwa kwa awamu.

— Banque ilishakubali, alisema Kazadi kwa uchovu. Iliangalia mishahara yao tu.

Bunge hakuwa mtu wa kuzuiwa na taarifa.

— Basi tatizo ni kodi ya mirathi. Mmoja akifa, serikali inamhesabu aliyebaki kuwa mtu baki. By the way, inaweza kuchukua mpaka asilimia themanini ya fungu la marehemu.

— Quatre-vingts pour cent? alishtuka Direction. Sasa anabaki na nini?

— Mlango wa choo.

Suala la kodi lilikuwa na ukweli mwingi ndani yake, mlango wa choo ukiachwa kando, na kwa sababu hiyo hiyo lilimuudhi Kazadi. Alikuja kwenye benchi akitafuta sababu ya kutokwenda Alhamisi, na sasa zilipokuwa zinamiminwa hivi, hakuna hata moja iliyomwingia.

— Kodi haiko kitu, alisema Direction. Miye naogopa famille. Gracieuse akikufa, Mungu apishe mbali, famille inakuya. Haiulize karatasi! Inakuya na camion, lori nzima, inakuta Carine anapika, inamwambia: maman, toka.

— Na mashuka? aliuliza Hamissi.

— Na mashuka. Na rideaux, mapazia yote. Patron wangu alikufa, kwa bibi yake balitosha, balibeba, hata ampoules za taa. Njo mila yetu, tutafanya nini?

Walicheka wote, hata maman Berthe. Kazadi hakucheka.

Mwaka 1979, kaka yake alipofariki, familia ilikwenda nyumbani kwa mjane kule Likasi na kubeba kila kitu. Kazadi ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, akapewa cherehani aibebe. Aliibeba. Gracieuse alikuwa na miaka kumi na mmoja, ameketi kizingitini, na alikunja miguu ili baba mdogo apite. Miaka kumi na minane imepita na yule mtoto hajawahi kumtajia jambo lile. Gracieuse ndiye aliyemtafutia mzee viza, akamkaribisha Ulaya, akampikia sombe, kisamvu cha kwao, kila Jumapili. Na majira ya baridi yaliyopita, Kazadi alipopasuliwa mawe ya nyongo, aliyekuja kumuosha miguu kila jioni baada ya kazi alikuwa Carine. Nesi alimuuliza kama yeye ni famille. Carine alijibu oui, akaendelea kuosha. Mzee aliona aibu pale kwenye benchi, aibu ya kweli.

Gracieuse alitokea upande wa soko na mfuko wa vitunguu na samaki.

— Bonjour ba papa. Bonjour maman Berthe. Munasumbulia nani leo?

— Weye, alisema Direction bila haya. Tunasema, siku moja famille itamutosha Carine mu ile nyumba, itamuweka inje.

— Ku sheria haiwezekani. Tulimuomba notaire, aliandika mu acte, ile hati ya nyumba: moja akikufa, fungu yake inaenda kwa ule anabaki. Hapa hawatupe ruhusa ya kuoana, donc tulitafuta njia ingine.

— Karatasi! alisema Direction. Famille haisomake karatasi.

— Ni kweli, papa. Karatasi inamaliza sheria, haimalize famille. Nayua vizuri. Aliweka mfuko chini. Lakini nauliza: ile famille yenye kukuya na camion, njo nani?

— Famille ni... famille, quoi.

— Apana. Nipe majina. Papa yangu alikufa. Maman alikufa. Sina ndugu ya tumbo moja, sina mutoto. Sasa ni nani atakuya kumutosha Carine?

Direction aliangalia viatu vyake. Bunge alikoroga kahawa yake. Maman Berthe alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Wote watatu walilijua jibu, na hakuna aliyethubutu kulitamka, kwa kuwa jibu lilikuwa limeketi katikati yao na kofia yake kichwani. Kwa mila ya kwao na kwa sheria ya Wabelgiji pia, ndugu wa karibu aliyebaki alikuwa mmoja tu.

Gracieuse hakumtazama. Alimwachia mzee nafasi, kama alivyompisha siku ile.

— Jeudi, ni saa ngapi? aliuliza Kazadi.

— Saa ine ya asubuhi, papa.

— Ntakuya.

Alivuta pumzi. Benchi zima lilikuwa linamsikiliza, na alitaka limsikie.

— Na umwambie mukwe wangu asipike siku ile. Tukimaliza kusaini, miye njo nitabalisha.

Gracieuse aliinama kuchukua mfuko wake, lakini hakuuinua. Alilia palepale, mbele ya soko zima, akicheka, wala hakujali nani anamwona.