Lahani Zina Wenyewe

Asalaam alaykum jamaa, mimi Saliha, dada wa marehemu, leo siku ya tatu ya msiba nimepewa kusoma historia yake kwa sababu sauti yangu inafika kwa wanaume bila ya spika, watoto wameniomba nisicheke wala nisigombe, na kucheka nitajizuia.

Ndugu yetu Sabir bin Marzouq kazaliwa tarehe 12 Machi 1951, Malindi, Unguja, kasoma chuoni, Kurani, kwanza halafu skuli mpaka darasa la nane, kupiga udi kajifunza kwa jirani, mama akidhani yuko kwenye hisabu, tukaja Oman mwaka 1973, Juni 1975 akaanza kazi ya umeme Sur, akahamia hapa Ibra 1982, akastaafu 2011.

Tarehe 6 Septemba 1979, Nizwa, akamuoa Ghaniya binti Khalaf, huyu hapa kakaa eda, na siku ya harusi akampigia lahani aliyoitunga mwenyewe, udi mtupu bila ya maneno, akasema hii yako, mtu akitaka kuipiga akuombe ruhusa wewe, na tangu hapo kila binti wa ukoo huu akiolewa anapata yake, mimi yangu katikati inarukaruka, alisema ndivyo ninavyotembea.

Mungu akawapa Hazim, 1981, na Reem, 1986.

Machi 2023 mapafu yakaanza kumsumbua, Reem akampeleka Bidiya kupunga hewa kwenye kambi ya watalii, huko wakamkuta Nadhir, mtoto wa kaka yetu, ambaye Sabir mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika udi, kapiga kilemba, wageni wanakula nyama ya kuchoma naye anawapigia lahani ya Ghaniya, anawaambia ni ya kale, ya mabedui, haina mwenyewe, akamalizia na yangu, wageni makofi, na ndugu yangu akamgusa Reem akamwambia twende mwanangu, wasije wakaniuliza mimi nani.

Ghaniya akampigia simu Nadhir, akajibiwa, mama mkubwa, lahani si mali, na ami mwenyewe kanyamaza.

Kanyamaza kwa adabu, Nadhir, wewe ukadhani kakupa.

Kafariki hospitali Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, tukamzika Ibra siku ile ile, na aliyelia kuliko sote ni Nadhir.

Basi wewe uliyekaa huko na wanaume, sisi wenye lahani tulikutana jana, Ghaniya wa kwanza, na ruhusa hatujakupa hata moja, ukiitaka njoo kwa kila mmoja wetu nyumbani kwake, uombe, na ukipewa uwaambie hao wageni kaitunga Sabir bin Marzouq, ukishindwa tunga zako, kama unazo.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani waliotupikia, wenzake wa umeme waliotoka Sur, na Nadhir kwa viti alivyoleta, viti tumepokea.

Ndugu yangu, pumzika kwa amani na adabu yako, sisi hatunayo.