Mutura na Magoti ya Sitati

Pale kona ya Kaptembwo, mbele ya jiko ambapo Travis huchoma mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, kuna benchi ambalo kila jioni hujaa madaktari. Walisomea wapi, usiniulize. Nderitu, dereva wa lori aliyestaafu, wanamwita Dakta. Weldon ni Mursik, kwa sababu hamalizi sentensi bila kutaja maziwa ya kibuyu ya kwao. Mwisho wa benchi palikuwa pa Kimeli, lakini kiharusi kimemlaza nyumbani tangu mavuno. Leo mgonjwa alikuwa Sitati, fundi wa reli wa zamani, magoti yamevimba, kahawa mkononi, macho kwa jiko. Alichotaka ni mtu mmoja tu wa kumwambia ale.

— Yule daktari wa kliniki anasema mwili wangu unawaka ndani kwa ndani, akalalamika. Nipunguze mafuta, sukari, nyama ya kuchoma. Nikule mboga ya managu na maharagwe. Ama nizeekee kitandani.

— Ako na miaka ngapi? Dakta akauliza.

— Ni kijana tu.

— Sasa huyo amezeeka lini ndio ajue?

Sitati akaanza kusikia nafuu.

— Babu yangu alikuwa anakunywa mafuta ya kondoo na kikombe, Mursik akasema. Alikufa na meno yake yote. Na siri ni mkaa. Si kibuyu cha mursik kinasuguliwa na mkaa? Huo mkaa ndio unazima moto ya tumbo.

— Mimi Mbukusu, kibuyu nitatoa wapi?

— Na hiyo mutura inachomwa na nini?

Sitati akatazama jiko. Mkaa mtupu. Kliniki hawakuwa wamemweleza jambo lolote vizuri hivyo.

— Teremsha na soda, Dakta akaongeza. Ile gesi inafungua magoti.

Travis akakata, Sitati akala, mafuta yakamtiririka kidevuni. Alikuwa anaagiza kipande kingine Jerop, mke wa Kimeli, alipofika akihema.

— Wazee, Kimeli ameanguka kutoka kitandani. Nani anakuja tumwinue?

Mursik akashika goti lake. Dakta akakumbuka mgongo wake. Sitati, aliyempenda Kimeli kuliko wote, akakamata ukingo wa benchi akajisukuma. Magoti yakakataa, akarudi chini puu. Aliona aibu hata kumtazama yule mama usoni.

Travis akafuta mikono, akamfuata Jerop mbio. Nyuma yao mutura ikaanza kuungua. Jiko lilikuwa pale pale mbele yao, na hakuna aliyeinuka kuigeuza.