Bi Earline Ladnier, Aliyeikatalia Brandywine Kuzama

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, Bi Earline Ladnier atakabidhi funguo za vyumba vya chini na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika makumbusho yetu ya Brandywine, manowari ya kubebea ndege, hapa Pascagoula, Mississippi. Cheo chake ni Fundi Mkuu wa Pampu. Gazeti la mjini lilipomwomba aeleze kazi yake, alisema, “Maji yanataka kuingia, mimi sitaki,” kisha akarudi kazini.

Bi Earline ni mzaliwa wa hapa hapa, binti wa mchomeleaji vyuma. Ujana wake aliumalizia kwenye injini za mashua za kuvulia kamba. Alipofika kwetu mwaka 1988, mkurugenzi wa wakati ule alidhani anatafuta kazi ya mgahawani, akamkabidhi aproni. Aliivaa, akashuka nayo chini, akafufua pampu iliyokuwa imekufa, na jioni akairudisha ikiwa nyeusi tii. Habari za mgahawa zikaishia hapo.

Wageni wetu huja kwa ajili ya vita. Brandywine iliingia Pasifiki mwaka 1943 ikiwa na ndege tisini na mabaharia karibu elfu tatu. Torpedo, kombora la majini, ilipoipiga nyuma penye usukani, usukani uliganda, meli ikawa inazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, huku marubani wake wakizunguka nao angani wakingoja itulie wapate pa kutua. Redio ya Wajapani ikatangaza imezama. Miezi michache baadaye ikazamishwa tena redioni, kisha tena. Rubani wa kujitoa mhanga alipoiangukia karibu na Okinawa na kuteketeza tanuri la mikate, ikazamishwa mara ya nne. Mabaharia wakaacha kuiita jina lake, wakaiita Marehemu. “Marehemu anaondoka saa ngapi?” waliulizana asubuhi, na Marehemu akaondoka kwenda kupigana.

Hivyo ndivyo ilivyopata sifa ya meli isiyozamika. Sisi tuliopo humu tunajua zaidi. Tangu ifungwe gatini, chuma chake kimeliwa na chumvi, na kila siku ya Mungu imekuwa ikizama kidogo kidogo. Kila siku Bi Earline ameikatalia.

Kati ya mambo yote aliyoyafanya, tumeona tusimulie la Agosti 1999, kwa sababu wengi mnalisikia vipande vipande, na mwenyewe halisimulii kabisa.

Mimi nilikuwa langoni nikikata tiketi. Akaja mzee wa Kijapani, suti nyeusi, shingo imefungwa tai katika joto lile. Akasema kwa Kiingereza safi, kwa sauti nzito ya kupendeza, “Samahani binti. Hii ndiyo meli niliyoizamisha mara nne?”

Jina lake Sugimori Teiichi. Wakati wa vita alikuwa mtangazaji wa matangazo ya Kiingereza, na zile habari zote nne alizisoma yeye. “Mara mbili za kwanza niliamini,” aliniambia. “Mara ya tatu nilijua ni uongo. Basi nikaongeza sauti.” Alitaka jambo moja tu: apewe kipaza sauti, atoe masahihisho.

Mkurugenzi alifurahi mno. Akaandaa sherehe ya Jumamosi, bendi ya shule, viti mia mbili kwenye sitaha. Aliyekataa ni Mzee Hoyt Baxley, aliyewahi kuwa zimamoto wa Brandywine vitani, wakati huo akijitolea kuongoza wageni. Tangazo la pili lilikuwa limefika kwao mashambani kupitia jirani mwenye redio kubwa. Mama yake akaomboleza, kanisa likafanya ibada, jiwe likasimamishwa makaburini lenye jina lake. Mchumba wake akaolewa na kijana aliyekuwa akileta mikate ya rambirambi. Hoyt aliporudi mzima, mama yake alikataa kuling'oa lile jiwe. Alisema ni jiwe zuri, litapata kazi yake tu.

“Huyo mtu aliniua!” Hoyt alifoka ofisini. “Leo mnampa maua?”

“Anataka kuomba radhi, Mzee Hoyt.”

“Basi akaniombee makaburini. Anwani ninayo.”

Jumamosi ikafika. Hoyt, asitake kusikia hata neno, alishuka chini kabisa ya meli, mahali alipodhani sauti haifiki. Huko akamkuta Bi Earline yumo ndani ya maji hadi mapajani.

Pampu kubwa ya nyuma ilikuwa imeziba. Duka la zawadi, kwa kukosa nafasi, lilikuwa limerundika maboksi ya fulana katika chumba cha jirani. Maboksi yakalowa, yakapasuka, na fulana zikavutwa moja moja hadi kwenye mdomo wa pampu. Zote zilikuwa zimeandikwa kifuani kwa herufi kubwa: HAIZAMI.

“Usisimame hapo kama picha,” Bi Earline alimwambia Hoyt. “Shika tochi. Halafu vuta.”

Juu, vikombe vya kahawa vilianza kuteleza mezani. Mkurugenzi akaita kwenye simu ya upepo, nami nilikuwa kando yake.

“Bi Earline, meli inalala upande!”

“Naona, bwana. Mimi ndiye niliyelowa.”

“Niwahamishie wageni upande wa pili?”

“Hata ukiihamishia Mississippi nzima haitajali. Lakini kama inakutuliza, wahamishe.”

Akawahamisha, akiwaambia kule picha zinatoka vizuri zaidi. Watu mia mbili wakanyanyua viti vyao wakavuka, bendi ikawafuata bila kuacha kupiga. Kisha akarudi kwenye simu, jasho linamtiririka. “Niahirishe? Niambie kweli.”

Tukasikia maji yakivuma, kisha sauti yake, safari hii bila mzaha. “Ikiwapo hatari nitakwambia. Sijakwambia. Yule mzee amevuka bahari kuja kusema haikuzama. Mpe kipaza sauti. Mwombe tu asiharakishe.”

Bwana Sugimori akasimama, kaegemea kidogo kwa ajili ya mteremko, na wala hakuuliza. Mtu alikuwa ameunganisha kipaza sauti na nyaya za zamani za vita, zile zinazofika hadi chumba cha mwisho. Kwa hiyo Hoyt, aliyeshuka ili asisikie, akasikia kuliko sote.

“Hii ni Tokyo,” ilisema ile sauti. “Tunasahihisha. Mara nne tulitangaza kwamba manowari Brandywine imezama. Haikuzama.”

“Mwambie angoje kidogo!” Hoyt alipiga kelele, maji kiunoni, fulana tatu mkononi. “Hana hakika bado!”

“Vuta!” alisema Bi Earline.

“Tulisema mabaharia wake wamekufa. Mimi ndiye niliyesema. Wapo mama waliolala wakilia kwa sababu ya sauti hii. Wengi wao hawapo tena kunisikia. Naomba radhi kwao, nimechelewa.”

Hoyt mwenyewe alitusimulia baadaye kwamba aliacha kuvuta. Alisimama tu, tochi imeinama, akiitazama spika yenye kutu pale ukutani. Bi Earline mwenyewe akazamisha mkono hadi begani, akakamata fulana ya mwisho, akaipokonya. Pampu ikakohoa, ikatapika, ikanguruma. Huko juu vikombe vilisimama. Watu wakapiga makofi, wakidhani wanampigia mtangazaji tu.

Hoyt alipanda ngazi zote bila kujikamua, akapita katikati ya viti akidondosha maji, akasimama mbele ya mgeni.

“Wewe ni nani?” aliuliza Bwana Sugimori.

“Mmoja wa maiti zako.”

Mzee yule akainama, akakaa ameinama muda mrefu. Alipoinuka akasema, “Umelowa.”

“Nimetoka kuzuia usiwe mwongo mara ya tano.”

Wiki ile walikwenda pamoja kulitazama jiwe la Hoyt. Bwana Sugimori alilimwagia maji na kulisugua kwa adabu, kama wafanyavyo kwao, huku Hoyt akilalamika, “Bwana, mimi nipo hapa nyuma yako.” Mgeni wake alirudi kila Agosti hadi mwaka 2006, mauti yalipomfika. Siku habari ilipokuja, Hoyt hakuiamini. Alitaka ithibitishwe mara mbili.

Bi Earline hakupanda jukwaani siku ile, na hakuna mgeni aliyejua. Jumatatu aliingia ofisini kwa mkurugenzi akiwa na fulana moja chafu, akaitandika juu ya meza, akasema, “Kuanzia leo hakiwekwi tena kitu chini kwangu.” Hakikuwekwa tena kitu. Miaka minne baadaye, kwa ubishi wake, Brandywine ilivutwa chelezoni na kuvishwa chuma kipya. Amewafundisha mafundi tisa, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kila mmoja wao anaweza kukwambia kwa kusikiliza tu ni pampu gani inayonung'unika.

Bi Earline, wafanyakazi wenzako tunakushukuru. Tumefanya kazi miaka yote hii juu ya kichwa chako, tukitembeza wageni na kujisifia ushindi, miguu mikavu. Tunajua unahamia kwa dada yako kule milima ya Arkansas, kwenye nyumba iliyo juu ya kilima. Umetuambia unachokitaka huko ni kusikia mvua ikipiga bati, kubwa, ya usiku kucha, na usiamke kukimbilia pampu.

Basi tunakuombea mvua nyingi, dada yetu. Lala.