Kijiti cha Pembetatu Kimepatikana

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa chuo cha muziki, wa zamani na wa sasa, kwamba kijiti cha chuma cha kupigia pembetatu, ile ala ya chuma ya kona tatu, kilichopotea miaka kumi na tisa iliyopita, kimepatikana. Kina kutu kidogo, lakini hakijambo. Msako umefungwa rasmi.

Habari ya pili ni kwamba tarehe thelathini mwezi huu mwalimu wetu wa ngoma, ambaye wanafunzi wa miaka yote humwita Mama Debe, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi.

Jina hilo alilipata kwa somo lake la kwanza, ambalo halijabadilika tangu enzi nilipokuwa na nywele. Huingia darasani na debe tupu, akaligonga. Wanafunzi hucheka. Yeye huwaambia kwamba methali zimelitukana debe vya kutosha: linavuma kwa kuwa hewa iliyomo ndani imepata nafasi ya kutikisika. Lijaze mchanga, uone kama litakujibu. Kisha hunyunyiza punje za mchele juu ya ngoma na kuipiga. Punje huruka, na mwanafunzi ameiona sauti kwa macho: ngozi inatetemeka, inaisukuma hewa, hewa inakuja kubisha hodi sikioni.

Pembetatu haina ngozi. Kama kengele na matoazi, mwili wake wenyewe ndio unaotetemeka. Ining'inize kwa uzi, italia; ikamate kwa ngumi, itanyamaza. "Hata wewe ukibanwa hivyo hutasema," huwaambia.

Mama Debe alimfundisha mwanafunzi mmoja asiyesikia vizuri kwa kumwambia aweke viganja ubavuni mwa ngoma. Leo naye ni mwalimu.

Mimi ni mpiga tarumbeta, yaani mtu anayelipwa kwa kupuliza. Nilipoajiriwa, Mama Debe alinieleza kwamba unyevu huilegeza ngozi, sauti ikashuka. Joto huikaza, sauti ikapanda. Asubuhi za mvua huweka ngoma kando ya jiko la mkaa, akiigeuzageuza kama anabembeleza mtoto. "Hatua tatu kutoka kwenye jiko, mdogo wangu," alinisisitizia. "Si mbili."

Amewamba ngoma zaidi ya mia mbili. Moja tu hakuigusa tena: ngoma kubwa ya mahafali, iliyopasuka asubuhi ya sherehe, miaka kumi na tisa iliyopita. Mkuu wa chuo wa wakati huo alipouliza nani aliyeipasua, Mama Debe alijibu kwamba ngoma zote ziko chini ya uangalizi wake. Akapewa barua ya onyo. Miaka minne baadaye nafasi ya ukuu wa idara ilipotokea, faili lilifunguliwa, barua ikaonekana, nafasi akapewa mwingine. Mwingine huyo ndiye anayeandika haya.

Ilivyokuwa ni hivi. Mvua ilinyesha, Mama Debe akaniachia ngoma na kwenda kuwapanga wanafunzi. Nikaona hatua tatu ni woga, nikaisogeza hadi karibu kuligusa jiko. Ili nijue kama sauti imepanda, nikaigonga kwa kitu cha kwanza nilichokiona: kijiti cha pembetatu. Ngozi ikachanika toka ukingo hadi ukingo, kijiti kikatumbukia ndani. Nilikuwa bado katika kipindi cha majaribio kazini, na nyumbani nina mtoto wa siku tisa. Mama Debe alijua yote mawili. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa hofu. Mara ya pili, kwa tamaa.

Ngoma ile aliiweka juu ya kabati, akaifunika shuka, na kwa miaka kumi na tisa amepiga pembetatu kwa msumari. Juzi tulipohamisha stoo niliiteremsha mimi, kitu kikagonga ndani. Mama Debe ni mtu anayesikia skrubu iliyolegea umbali wa vyumba viwili. Alinitazama, kisha akaendelea kukunja shuka.

Nimemwandikia mkuu wa chuo: barua ya onyo itoke katika faili lake, iingie katika langu. Nimeomba pia ukurasa huu usomwe wote mbele ya watu, bila kurukwa mstari.

Mama Debe, nisamehe, nimechelewa mno. Asante kwa kazi yako, na kwa kazi yangu. Tunakuombea siku nyingi, zenye nafasi ya kutosha ndani yake ili zilie vizuri. Kijiti kiko mezani kwako. Msumari, ukiniruhusu, nitabaki nao mimi.